Siku ya Tatu Mpe Jembe, Lakini Mpe na Haki Yake

Wahenga wetu walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni, na aghalabu huyasema kwa kicheko, tunapomwona mtu aliyekuja kwa harusi ya Ijumaa, na Jumatano ya pili yake bado yuaulizia chai. Lakini katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ile iitwayo Eastlands, maneno hayo si mzaha. Huko jembe lipo kweli, na mgeni yupo kweli, na swali ambalo wahenga hawakulijibu nalo lipo: ukisha kumpa jembe siku ya tatu, je, siku ya mia tatu utampa nini?

Nimelileta swali hili katika ukurasa huu kwa sababu hivi majuzi, baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa Pumwani, kijana mmoja wa kutoka upande wa Msambweni alinifuata hadi nje nilipokuwa nikivaa viatu. Alinipa shikamoo, akanishika mkono, kisha akaniambia, "Ami, nakuuliza wewe kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Mimi katika nyumba ninayokaa, ni mgeni, ni mwana wa nyumba, au ni mfanyakazi?"

Tuliketi barazani, akanieleza. Alikuja Nairobi yapata mwaka mmoja na nusu sasa, kwa jamaa za mamake. Nyuma ya nyumba yao mna kiwanja kidogo walichokizungushia mabati. Humo mna matuta ya sukuma wiki na kunde, mna magunia yaliyojazwa udongo na samadi na kutobolewa ubavuni ili miche iote pande zote, na mna banda la kuku. Yeye huamka kabla ya alfajiri akawapa kuku maji na chakula, akakata mboga na kuzifunga mafungu, kisha akazipeleka kwa mama wauzao kando ya barabara. Jioni humwagilia maji na kuzoa samadi. Chakula hula kile kile walacho wenye nyumba. Hulala katika chumba cha stoo, pamoja na magunia ya chakula cha kuku. Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemtukana. Na hakuna aliyempa ujira hata siku moja, ila vocha ya simu pale anapotumwa mahali.

"Mama hunipigia simu," alisema, "huniuliza nitawakumbuka lini. Nikidai hapa, nitaonekana sina shukrani. Nikinyamaza, mama ataniona sina huruma."

Sikuweza kumjibu pale pale. Nilimwomba anipe siku chache. Na sababu ya kunyamaza kwangu ni kwamba kijana yule nalikuwa mimi.

MJI ULIOJENGWA KWA WAGENI

Kwa wasomaji ambao Nairobi waijua kwa stesheni ya basi tu, yafaa nieleze kidogo mitaa hii ni ipi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wenyeji wa vijiji vya kale, kama vile Pangani, Maskini na kile kilichoitwa Mombasa, wakahamishiwa huko kidogo kidogo. Pangani yenyewe ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo. Wengi wao walikuwa Waislamu, na wengi walikuwa wanawake waliojijengea kwa jasho lao. Nyumba za Pumwani zilikuwa za namna yetu hasa: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Kariokor ilichukua jina kutokana na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Baadaye ikaja mitaa ya Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Mbotela na Jericho.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni katika mji. Ilidhani atafanya kazi yake kisha atarudi kwao, basi haikuona haja ya kumjengea nyumba ya kuishi na mke na watoto. Nyumba nyingi za awali zilikuwa za wanaume wasio na jamaa, nafasi ya kitanda kimoja kimoja. Waama, upande huu wote wa mji ulijengwa kwa fikra ile ile ya mgeni na jembe: njoo ufanye kazi, ulale, ule, kisha uondoke.

Lakini watu hawakuondoka, na walioishi waliwaita wenzao. Kila chumba kikawa na mgeni. Mpwa alilala chini ya meza, binamu alilala ukumbini, na mtoto wa jirani wa kijijini alilala jikoni. Lau kila nyumba ya Eastlands ingalifunga mlango wake, maelfu ya watu ambao leo ni walimu, makanika, wafanyabiashara na hata waandishi wa magazeti wangalilala nje. Basi nisije nikaeleweka vibaya. Ukarimu huu ni mojawapo ya mambo mema kabisa yaliyotendwa na watu maskini katika nchi hii, na mimi niliula.

Na kulima mjini si jambo la juzi. Uchunguzi uliofanywa na Taasisi ya Mazingira katikati ya miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kiasi cha asilimia 29 ya jamaa waishio mijini nchini Kenya walikuwa wakilima chakula huko huko mjini, na kwa Nairobi ilikuwa kama jamaa moja katika kila tano. Wakati huo askari wa baraza la mji walikuwa wakiifyeka mimea hiyo kwa kuwa hairuhusiwi. Ilichukua muda mrefu hata Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kukikubali na kukisimamia kilimo cha mjini, mwaka 2015. Sheria ile iliwakumbuka wenye mashamba, mifugo na masoko. Nami najiuliza, yule ashikaye jembe naye alikumbukwa?

MIMI NA SHANGAZI

Nilifika Nairobi mwaka 1990, kwa gari la moshi la usiku kutoka Mombasa, daraja la tatu, nikiwa na umri wa miaka 19. Nilikuwa na msahafu, kanzu mbili, na daftari la mashairi ambalo niliamini litanipatia kazi. Nilifikia Pumwani kwa shangazi, yaani binti wa ami yake baba, mjane aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita na kipande cha shamba ukingoni mwa Mto Nairobi.

Siku mbili za kwanza nilikula kama bwana harusi. Ya tatu akanionyesha jembe, akacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo nikawa mkulima wa sukuma wiki. Nilichukua samadi ya mbuzi kwa ndoo kutoka nyumba za majirani. Nilipanda miche, nikaipalilia, na wiki ya sita au ya saba nikaanza kukata majani ya chini, maana sukuma hukatwa chini ikaendelea kupanda juu. Kabla ya jua kuchomoza nilikuwa njiani kuelekea Gikomba na mzigo kichwani. Palikuwa na mnavu pia, ambao watu wa bara huuita managu, na kando ya maji palikuwa na nduma. Fedha zote nilizileta nyumbani, nikampa shangazi mkononi, naye akazifunga katika pindo la leso.

Hakunidhulumu kwa nia. Aliponiona ninaandika usiku, aliniongezea mafuta ya taa. Mashairi yangu ya kwanza yalikwenda gazetini kwa stempu alizoninunulia yeye. Nilipougua homa, alikesha nami. Alipowaambia watu, "Huyu ni mwanangu," hakuwa akisema uwongo. Na kwa hakika ndipo palipokuwa na tatizo. Mwana halipwi. Nani aliyewahi kumlipa mwanawe kwa kumchotea maji?

Mwaka 1991, nikiwa nimekaa kwake miezi kumi na minne, ilikuja simu dukani kwamba baba amefariki huko Lamu. Msomaji ajua desturi yetu, maiti halali ndani. Nilijua sitawahi maziko, lakini nilitaka niwahi hitima. Nilimwendea shangazi nikamwomba nauli. Hakuwa nayo, kwani wiki ile ile alikuwa amelipa deni la mabati. Alilia, akajifunga leso, akaenda nyumba hadi nyumba kuniombea. Nauli ikatimia siku ya pili baada ya alasiri, baadhi yake ikiwa mchango wa msikitini. Nilipanda basi la usiku hadi Mombasa, nikabadilisha, na nilipovuka Mokowe kwa mashua nikafika nyumbani, hitima ilikuwa imekwisha kusomwa na jamvi limekunjwa.

Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, muda wote huo ulikuwa ukifanya nini Nairobi?"

Nikamwambia, "Nikilima."

Akaniuliza, "Ukilima la nani?"

Miaka zaidi ya thelathini imepita, na swali hilo bado sijalijibu. Sikuwa nikilima langu. Sikuwa nikilima la baba. Wala sikuwa nikilima la tajiri, ili nije niseme kwamba nilinyonywa. Shangazi amekwisha tangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami nimemsamehe ikiwa kuna la kusamehewa. Lakini jambo lenyewe halikufa naye.

HIARI NA ISIYO HIARI

Nimepata kusikia watu wakisema kwamba kufanya kazi shambani kwa chakula na malazi ni jambo la kawaida hata Ulaya. Ni kweli. Mwaka 1971 karani mmoja wa London, Sue Coppard, alikuwa na hamu ya kutoka mjini na kuona mashamba. Alipanga na shamba moja huko Sussex, kusini mwa Uingereza, yeye na wenzake wachache waende mwisho wa wiki, wafanye kazi, na wao wapewe chakula na mahali pa kulala. Mpango huo ukakua, na leo katika nchi nyingi duniani wapo vijana wanaozunguka kutoka shamba hadi shamba kwa masharti hayo. Wao hujiita watu wa kujitolea, na jina hilo lawafaa.

Lakini tazama tofauti. Kijana yule wa Ulaya ana tikiti ya kurudi mfukoni. Kazi ikimchosha, au mwenyeji akiwa mkali, hufunga mfuko wake akaenda zake. Ajua atakaa wiki mbili au mwezi. Hakuna mama yake anayemngojea atume fedha za dawa. Kujitolea ni kutoa kitu ambacho ungeweza kukizuia. Kijana wa Msambweni hana cha kuzuia. Akitoka katika ile stoo hana pa kulala, na akilala nje siku moja katika Nairobi huenda asipate siku ya pili. Basi tusimvike kanzu ya kujitolea mtu ambaye hakushonewa.

Na sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko wengine. Katika pwani ya Kenya, hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1907, yaani wapo wazee tuliowakuta ambao wazazi wao waliiona. Mtumwa wa shamba naye alipewa chakula na mahali pa kulala. Naye pia, katika nyumba nyingi, aliitwa mwana. Mtaa wa Mbotela, huko huko Eastlands, unachukua jina la Tom Mbotela aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Babake, James Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, juu ya watu waliokombolewa wakawekwa Freretown, Mombasa, ambao yeye ni wa ukoo wao. Kila matatu inayopita mtaa ule yaita jina hilo, nasi hatukumbuki limetoka wapi.

Ndugu zetu wa bara nao wana kumbukumbu yao. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika akaaye katika shamba la mzungu amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka ili apate mahali pa kukaa na kulima. Watu walilia kwa sheria hiyo, na wengi walioikimbia ndio walioijaza Nairobi. Hata hivyo, yafaa tukiri jambo moja chungu: mzungu yule alitaja idadi ya siku. Sisi mgeni wetu hatumtajii hata idadi.

DINI YASEMAJE

Mimi si mufti, wala sidai kuwa mwanachuoni. Nilisoma chuoni kama wengine, nikahitimu msahafu, nikadurusu vitabu vidogo vya fikihi chini ya mwalimu ambaye siku ya Alhamisi alitupeleka shambani kwake kupalilia. Tulikwenda kwa furaha. Hiyo ilikuwa khidma, na malipo yake tulikuwa tumekwisha kuyapata vichwani mwetu. Lakini mwalimu yule yule ndiye aliyetufundisha kwamba khidma ni kitu kimoja na ijara ni kitu kingine, na kwamba atakayevichanganya ataingia katika haki ya mtu.

Sote tunakijua kisa cha Nabii Musa, aleihi salaam, alipofika Madyana akiwa mkimbizi asiye na kitu. Alikuwa mgeni hasa, naye akapewa kazi ya kuchunga. Lakini tazama katika Suratul Qasas mambo yalivyopangwa. Muda ulitajwa: miaka minane, na kama akipenda, kumi. Malipo yalitajwa. Mwenyeji alisema hataki kumtia katika mashaka, na Musa akasema kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asifanyiwe dhuluma. Kisha wakamfanya Mungu kuwa shahidi. Mzee yule alikuwa akimwozesha binti yake, hapana ujamaa upitao huo, na bado hakuona haya kutaja masharti.

Kadhalika tunaye Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alilelewa yatima, akahama akiwa maskini, na akawa mtumishi wa binti Ghazwan kwa chakula cha tumbo lake na zamu ya kupanda mnyama safarini. Alisimulia hayo bila ya haya, baada ya Mungu kumwinua. Kwa hiyo kazi ya chakula haimtii mtu aibu. Na maulamaa wamelizungumza jambo hili. Wapo waliojuzisha mtu kuajiriwa kwa chakula na nguo kwa kadiri ya desturi, nayo ndiyo kauli ya Imam Malik na Imam Ahmad. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, ujira usiojulikana kiasi chake huuharibu mkataba, na aliyefanya kazi kwa mkataba huo hustahiki ujira wa mfano wake. Maana yake, hatuwezi kusema, "Sisi tunamlisha," tukadhani tumetoka.

Tena kuna jambo la najisi na madhara. Baadhi ya mashamba ya Nairobi humwagiliwa maji machafu. Kule Maili Saba, karibu na Dandora, wakulima wamekuwa wakitumia hata maji ya bomba kuu la uchafu wa mji, kwa kuwa hayakauki na yana rutuba. Mboga yenyewe, kwa kauli ya Kishafii, si najisi kwa kumea mahali hapo, ila hapana budi ioshwe. Lakini mikono na miguu inayoingia katika maji yale ni ya nani? Si ya mwenye shamba. Ni ya mgeni, naye hana buti wala glavu, na akipatwa na minyoo au vidonda huambiwa ni baridi ya Nairobi. Mungu ametukataza kudhuru, na hakumtoa mgeni katika katazo hilo.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mshahara ulipwe kwa fedha. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, na yakataza mtu yeyote kuwekwa katika utumwa au kutumikishwa kwa lazima. Lakini sheria hubisha hodi kiwandani na ofisini. Nyuma ya mabati, penye matuta manne na banda la kuku, hakuna afisa wa kazi aliyewahi kufika, na sidhani kwamba atafika kesho. Hapo kuna sisi wenyewe tu.

YAPASA TUFANYE NINI

Kwanza, wenye nyumba. Naomba msiache kuwapokea wageni. Lakini mgeni akishapewa jembe, na atajiwe muda. Ikifika miezi mitatu, keti naye mbele ya mtu mzima mwingine, mwambie moja katika mawili: ama wewe ni mgeni, tutakula pamoja nawe utafute kazi yako mchana, ama wewe ni mfanyakazi, na ujira wako ni huu. Ukiwa mdogo, na uwe mdogo, lakini ujulikane. Kama huna fedha, mpe tuta moja liwe lake, auze mwenyewe, au mpe kuku kumi. Mruhusu swala ya Ijumaa na siku moja ya kupumzika. Asikose buti. Na weka kando, tangu mwezi wa kwanza, nauli yake ya kurudi kwao. Nauli hiyo usiiguse hata kwa deni la mabati.

Pili, wazazi wetu wa Kwale, Kilifi, Mombasa, Tana na Lamu. Msimtume mtoto kwa neno la simu tu, "Nakuletea kijana wako." Ulizeni atafanya nini, atalala wapi, na atarudi lini. Kuuliza si kumvunjia jamaa heshima. Na aliye mdogo, mahali pake ni shuleni na chuoni, si bandani.

Tatu, maimamu na kamati za misikiti ya Eastlands. Nyinyi mnawajua vijana hawa, huwaona safu ya nyuma wakiwa na udongo kwenye kucha. Kama kila msikiti ungekuwa na watu wawili wa kusimamia mapatano ya namna hii, kama wasimamiavyo ndoa na mirathi, mambo mengi yangemalizika barazani bila ya mtu kuaibika.

Nne, kaunti. Ikiwa sheria ya kilimo cha mjini ipo tangu 2015, na ifike kwa mwenye jembe. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na baada yake nyumba za kandokando ya mito ya Nairobi zikabomolewa. Mwenye nyumba aliyebomolewa alikuwa na la kudai. Mgeni wake aliyepoteza godoro na kazi siku hiyo hiyo hakuwa katika daftari lolote.

Nilimrudia yule kijana Ijumaa iliyofuata, tukaenda pamoja hadi nyumbani kwa jamaa zake. Nilipokewa kwa chai na mahamri, na wema wa watu wale sitauficha. Nilipolitaja jambo, mama mwenye nyumba alishtuka. "Ami," alisema, "huyu ni mwanetu. Mwana atalipwaje?"

Nikamwuliza, "Mwanao wa kumzaa hulala wapi?"

Alitazama chini. Mumewe ndiye aliyejibu, akasema chakula cha kuku kimepanda bei, karo haijalipwa, na kwamba hata yeye mwenyewe hamkumbuki aliyemlipa alipokuja mjini akiwa kijana. Nilimwamini. Tulikaa hadi magharibi ikaingia. Mwishowe walikubaliana kwamba atapewa fungu lake la mauzo kila Jumamosi, lisilofika hata nusu ya ninayoyaona mimi kuwa haki, na nauli ya kwenda kwao kila Idi. Kijana alimshika mama yule mkono akaubusu. Sikujua kama ni shukrani au ni mazoea. Tulipofika nje aliniambia, "Ami, leo najua mimi ni nani."

Basi kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi, na shangazi alininunulia stempu ili niandike, namalizia kwa ubeti mmoja, uwe sadaka yake:

Ukimpa mwana jembe, na ujira mtajie,
Simpunje hata chembe, haki yake mlipie,
Naye pia ni kiumbe, kwao naye atumie,
Wema usiwe ni wembe, umkate atulie.